Kibao cha Mapajani

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mzee. Jumapili nilipiga simu, nikasikia tu, "Haloo? Nani? Sinunui!" halafu ukakata. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu kama ulivyoamuru siku zile masikio yako yalipoanza kukugomea.

Sisi hatujambo. Mke wangu amehamishiwa zamu ya mchana kule duka la dawa. Binti yetu ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mimi mgongo unaendelea. Tangu nilipoteleza kwenye ngazi za ofisini sijaweza kukaa mezani, na ofisi imeniruhusu nifanyie kazi nyumbani. Kazi unaijua: watu wanabishana mikutanoni, sauti zao zinarekodiwa, mimi nasikiliza na kuchapa neno kwa neno. Uliponibatiza Kasuku nikiwa mtoto hukujua unanitafutia ajira.

Sasa shida yangu. Wamenipa kompyuta mpakato ya ofisi. Nikiiweka mapajani inachemka. Nikiiweka juu ya mto, mto unaziba matundu yake ya hewa na mashine inajizima mwenyekiti akiwa katikati ya sentensi. Nachelewesha kazi. Ofisi wamesema watanitazama mpaka katikati ya mwaka. Kazi isipofika kwa wakati, watamweka mwingine. Shangazi, hii kazi ndiyo kitu pekee kilichobaki ninachoweza kukifanya mwenyewe.

Naomba unitengenezee kibao cha kuweka mapajani. Vya dukani ni vya plastiki, vinapinda. Wewe umeshona makochi ya nusu ya mji, kibao hakikushindi.

Binti anauliza utakuja lini. Na mimi nauliza.

Mwana wa kaka yako,
Kasuku

21 Februari

Kasuku,

Marahaba. Aliyenipigia Jumapili alikuwa na sauti ya muuza bima, kwa hiyo jilaumu mwenyewe.

Mzee hajambo, goti lake linatangaza mvua kabla ya redio. Mimi nimezama kwenye makochi ya saluni moja. Mwenyewe amechagua kitambaa cheupe, na nywele zote zile zitakazodondoka. Nimemwambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Umeniomba kibao kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kibao si kibao tu. Kiti ni rahisi kuliko paja, kwa sababu kiti hakiendi msalani. Nataka vipimo. Upana wa mapaja yote mawili ukiwa umekaa. Kutoka nyonga hadi goti. Mzunguko wa paja katikati. Mkeo akupime, lakini asikupime mara tu ukikaa. Watu wakiona utepe hunyooka kama wamekuja kuposa. Mimi wateja wangu nawapa maji kwanza, nawauliza habari za watoto, nangoja walegee, ndipo napima. Mtu hupimwa akiwa amechoka, maana ndivyo atakavyokikalia kiti.

Na uniambie unakaa kwenye kiti gani, na ukikaa unakunja mguu upi. Kila mtu ana mguu anaoupenda. Baba yako, Mungu amrehemu, alipenda wa kushoto, na makochi yake yote yalibonyea upande mmoja.

Kuja nitakuja. Ngoja kwanza niyamalize haya makochi ya saluni.

Shangazi yako

8 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimepewa maji, nimeulizwa habari za mtoto ambaye alikuwa amekaa palepale, na nimelegea. Vipimo ameviandika mke wangu kwenye karatasi ya ndani. Anakusalimu. Anasema utepe wake ni wa kushonea nguo, usije ukamcheka.

Nakaa kwenye kochi lile ulilotushonea tulipooana. Bado halijabonyea, hata sponji haijachoka.

Kazi zinakuja. Juzi nilichapa mkutano wa watu waliobishana asubuhi nzima kuhusu rangi ya geti. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Mashine ilijizima mara tatu kabla geti halijapata rangi.

Nikisikia kimya chako najua unashona. Lakini usikawie, nakuomba.

Kasuku

30 Machi

Mwanangu Kasuku,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Mwambie binti acheke tu, pengo ni dirisha, hewa inaingia.

Mzigo huu nimeutuma na basi la asubuhi. Usiukate kwa kisu. Fumua mshono, turubai lake bado zuri na mkeo atalitumia.

Juu ni plaiwudi nyembamba, nimeipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza. Nimeitoboa matundu kwa keekee ili mashine ipumue. Upande wa tumboni nimebandika ukingo wa mbao isikudondokee. Chini nimeshona mifuko miwili ya turubai na kuijaza vipande vya sponji, mmoja kwa kila paja, na katikati nimeacha bonde. Kazi yote iko kwenye hilo bonde. Mtu akikaa, mapaja yanaibana mifuko kidogo bila mwenyewe kujua, vile mtu anavyombana mtoto aliyempakata asianguke. Ndiyo maana sikuweka mkanda. Mkanda ni wa fundi asiyejiamini.

Nimekijaribu mwenyewe. Nimemjaribishia Mzee, naye akasinzia nacho. Nimemjaribishia mwenye saluni aliyekuja kunigombeza kwa kumchelewesha, akasahau ugomvi akaniuliza bei.

Mguu unaoukunja hukuniambia. Basi, nimeshona pande zote sawa.

Makochi yamekwisha lakini goti la Mzee limevimba, siwezi kumwacha. Nitakuja likipoa.

Shangazi yako

17 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na goti la Mzee. Kibao kimefika. Binti alikinusa kabla hata sijakishika, akasema kinanukia gundi na Shangazi. Kila anayekiona anakipapasa. Nakushukuru sana.

Sasa mashine inapumua na haijajizima tena. Ila kibao kinateleza. Kidogo tu. Nikichapa kwa haraka kinaelekea magotini, nakivuta, kinakwenda tena. Jumanne kilikwenda chote, kompyuta ikaanguka, kioo kikapata ufa kwenye pembe. Inawaka bado. Labda ni suruali zangu, zimekuwa laini kwa kufuliwa. Na joto bado lipo upande wa kushoto, nikiweka kiganja nalisikia.

Msimamizi wangu alinipigia kuuliza kazi ya wiki iliyopita. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaonitisha. Mtu anayetaka kukubakiza kazini anakugombeza.

Mke wangu anasema nikuandikie yote. Yote ni haya.

Utakuja lini?

Kasuku

6 Mei

Wewe Kasuku,

Marahaba. Suruali laini! Tangu nianze kushika sindano sijasikia kochi limeharibiwa na suruali. Paja la mtu hai likiguswa linajibu. Lako limegoma? Umelegea mno, unakaa kama gunia lililomwagwa. Kula vizuri na ukae sawasawa.

Lakini mteja hakosei hata akikosea. Nimetengeneza kingine. Safari hii nimeweka mkanda na bizimu, unazunguka kiuno, nami nimemeza aibu yangu. Kuhusu joto, nimelitoa mhanga sinia langu la aluminiamu, lile kubwa. Nimelinyoosha, nimelipigilia juu ya ubao, na kingo zake nimezikunja kwa nyundo zikashuka kandokando mpaka zinagusa mapaja. Aluminiamu inalinyonya joto chini ya mashine na kulipeleka pembeni, halikai mahali pamoja. Na hizo kingo zinakumbatia mapaja, kwa hiyo hata ukikaa kama gunia hakiendi popote.

Niliazima mashine ya mwalimu wa jirani, nikakaa nacho asubuhi nzima nikitazama picha za wajukuu zake. Joto lilishuka kwenye kingo kweli, nikajisogeza, likapoa, nikaendelea. Kinafaa.

Chapa sasa. Wape mikutano yao mpaka waikimbie.

Kuja, ngoja mvua zikatike, barabara ni matope matupu.

Shangazi yako

15 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mke wangu hajambo, mtoto hajambo. Barua hii imechelewa kwa sababu nilikuwa hospitali, na kwa sababu sikujua pa kuanzia.

Nimeungua. Mapaja yote mawili, kwa nje, mistari miwili iliyonyooka. Kibao kilifika vizuri. Asubuhi mke wangu alinifungia mkanda akaenda kazini. Nilichapa mkutano mzima, mrefu, wenye watu wanaozungumza kwa pamoja, bila kuvuta kitu, bila mashine kujizima. Aliporudi jioni alinikuta nimemaliza. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu kumaliza mkutano mzima kwa siku moja. Nilikuwa namsimulia. Yeye alikuwa ananibadilisha nguo, akaniambia nitazame. Malengelenge yalikuwa yameshapasuka. Ngozi ilibaki kwenye suruali.

Sikusikia kitu. Kuanzia kiunoni kwenda chini sisikii kitu, tangu siku ile ya ngazi. Mgongo hauendelei. Daktari alituambia mwezi wa kumi, akatukalisha pamoja, akasema miguu hairudi. Kochi lako sijalikalia tangu nitoke hospitali mara ya kwanza. Niko kitandani. Uliniuliza nakunja mguu upi, na mke wangu alinitazama, nami nikamwambia aandike vipimo tu.

Kila mtu aliyejua aliacha kunitania siku hiyohiyo. Wakiingia wanapunguza sauti. Nilitaka abaki mmoja wa kuniita gunia.

Usijilaumu. Ungejuaje? Kibao kilikuwa kizuri kwa mtu uliyemjua wewe.

Vidonda vinakauka polepole. Nimekatazwa kuweka chochote mapajani. Ofisi wana habari, wamesema watanipigia.

Kasuku

10 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo.

Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Mzee anaisoma yako, kisha anavua miwani na kukaa.

Nilikuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nilijisogeza. Tafuta barua ile, utaona. Joto lilishuka, nikajisogeza. Nani anafikiria habari ya kujisogeza? Nimepima watu wangapi, nimewaambia wakae, wainuke, wakae tena, sikuwahi hata siku moja kufikiria kwamba kujisogeza ni kitu mtu anaweza kunyimwa. Sinia lilikuwa langu. Kingo nilizikunja mimi. Nilifurahi zilipokaa sawa, nikamwita Mzee aje atazame.

Usiniambie nisijilaumu. Nitajilaumu nipendavyo, ni haki yangu. Na wewe nimekukasirikia. Umenificha tangu mwaka jana, mimi niliyekuogesha. Nimekukasirikia na kisha nimelia, na sijui kipi kilitangulia. Nilikuita gunia. Ee Mungu wangu.

Nimetengeneza kingine. Sikuweza kukaa bila kutengeneza. Kina miguu minne, kinasimama juu ya kitanda na kukuvuka, hakikugusi popote, hata nguo hakigusi. Miguu ya meza huzama kwenye godoro, kwa hiyo chini nimeiunganisha kwa mbao mbili ndefu, moja kila upande, uzito uenee. Juu nimeweka bawaba, kiinamie kwako au kilale, unavyotaka. Hakuna bati. Hakuna chuma hata kimoja panapofika mkono wako, bawaba nimezizamisha kwenye mbao. Nimelala chini yake na kugeuka huku na huku. Nilijifunga miguu kwa khanga nisiisogeze, nikakaa hivyo nacho siku nzima.

Mzee anasema niache kibao, nipande basi. Nimemwambia kibao kwanza.

Shangazi yako

29 Julai

Shangazi,

Tumepokea mzigo Alhamisi.

Nianze na kibao. Ni kizuri kuliko vyote viwili. Mke wangu alikisimamisha kitandani, akapitisha kiganja chini yake kutoka nyonga mpaka goti, hakikumgusa popote. Hakitikisiki. Bawaba inashuka bila kelele. Nilikaa nikakitazama kwa muda mrefu.

Kompyuta waliichukua Jumatatu, siku tatu kabla. Alikuja dereva wa ofisi. Alikuwa na haya, akakaa kwenye kochi lako bila kuegemea, akanywa maji, akasema ameagizwa kompyuta na chaja. Msimamizi alituma maneno mazuri sana. Mke wangu alitaka kubishana naye, lakini utabishana nini na dereva? Alipoifunga niliona ule ufa wa pembeni, nikamwomba radhi. Akasema hakuna neno.

Kwa hiyo kibao kipo na hakina cha kubeba. Binti anataka kukichukua afanyie kazi zake za shule. Nimemwambia kingoje kwanza. Sijui kingoje nini.

Sasa nina ombi. Usitengeneze kingine. Wala mto, wala mfuko, wala kitu chochote. Kila anayeingia chumba hiki ana kitu mkononi. Wameniletea mito, dawa za kuchua, fimbo ya kuvutia pazia, kengele ya kumwitia mke wangu. Wanakiweka, wananieleza kinavyotumika, wanaondoka. Nashukuru. Nina vitu vingi mno na siku ni ndefu.

Tangu barua ya kwanza nimekuuliza utakuja lini. Umenipa makochi, umenipa goti, umenipa mvua. Najua ulivyomuuguza baba. Nilikuwa mlangoni, niliona nani alikuwa anamgeuza. Sikulazimishi useme chochote. Njoo mikono mitupu, ukae. Kama huwezi niambie huwezi, nisiendelee kumdanganya mtoto kwamba barabara ni matope.

Kasuku

21 Agosti

Kasuku,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Nimeona.

Mzee anatembea vizuri. Mvua zilikatika zamani, wewe mwenyewe unajua.

Nimekwenda stendi mara mbili. Mara ya kwanza nilikata tiketi, nikapanda, nikapata kiti cha dirishani. Kabla basi halijaondoka nilishuka. Nilimwambia kondakta nimeacha jiko linawaka. Akanionea huruma, akanirudishia nusu ya nauli. Mara ya pili sikumwambia mtu kitu, nilishuka tu.

Baba yako alilala miezi, na miezi yote hiyo mimi nilikuwa napachika mito. Nikifumua, nikipunguza sponji, nikiongeza, nikigeuza godoro. Watu walisema hajapata kuonekana dada kama yule. Yeye alikuwa ananiambia, "Dada, kaa." Nami namwambia, "Ngoja nimalize huu." Alipokata roho nilikuwa nimemgeuzia mgongo, natia uzi kwenye sindano. Hilo sijamwambia mtu, hata Mzee. Naogopa kuingia chumbani kwako nisikute cha kurekebisha, halafu na wewe uniambie nikae.

Lakini kwenye basi halikuwa hilo lililonishusha. Ulisema nije mikono mitupu, na nilikutii. Sikubeba mfuko, sikubeba hata mkoba. Nikakaa, na mikono haikujua pa kwenda, nikaiweka mapajani. Kasuku, mapaja yangu yaliisikia. Uzito wake, joto lake, kila kidole. Mapaja ya mwanamke mzee asiye na kazi nayo. Nikainuka, nikashuka kwa miguu yangu miwili mbele ya abiria wote, na kila ngazi ya basi nilijichukia.

Jumatatu nitajaribu tena. Usimwambie mtoto.

Shangazi yako